Meli Mbili za Durban na Mtoto Mtulivu

Vijana wangu, juzi mmoja wenu alinipigia simu kutoka ofisini Nyeri. "Mzee Wahome," akasema, "niko na familia ya kutoka Kutus. Baba, mama na watoto watatu. Hawajawahi kupanda meli. Nimeweka meli nne kwa kompyuta na bei ziko karibu sawa. Niwape gani?"

Nikamuuliza watoto wana umri gani. Akasema hajui, ataangalia. Nikamuuliza kama kuna mmoja anayetapika akipanda gari. Akacheka, akidhani nafanya mzaha. Sikumlaumu, kwa sababu sauti ile ilikuwa yangu mwenyewe wakati fulani. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu, na nimeyaandika kwenu nyote mnaofanya kazi ile sasa.

Niliuza safari kwa miaka ishirini na minane, katika ofisi ya ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Asubuhi zisizo na mawingu wateja walikuwa wakisimama dirishani kuutazama mlima kabla ya kuketi, hata wale waliozaliwa chini yake. Wengi walitaka tiketi za ndege. Meli za kitalii zilikuja baadaye, watu walipoanza kuona picha zake kwenye simu zao, na zilipokuja zilinikuta nikidhani najua kazi.

Aliyenifundisha ni Madam Muthoni, mwenye ofisi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyevaa sweta hata Februari. Alikuwa na daftari kubwa lenye mistari, na kila msafiri alipewa ukurasa wake. Siku yangu ya kwanza nilimletea karatasi niliyoandika: watu wanne, Mombasa, siku tano. Aliisoma akanirudishia.

"Wahome, hapa umeniambia wanaenda wapi. Ni nani anaenda?"

"Ni familia, Madam."

"Familia si mtu. Rudi uwaulize."

Nikarudi. Nilikuta kwamba mmoja wa wale wanne alikuwa nyanya wa miaka themanini asiyeweza kupanda ngazi, na hoteli niliyowachagulia haikuwa na lifti. Madam alinisukumia tu daftari nijaze ukurasa wa nyanya.

Alipostaafu, nililiweka lile daftari kabatini. Tulikuwa na kompyuta tayari. Niliona ni kupoteza muda kuandika kwamba mtoto fulani hali mayai.

Sasa, kuhusu meli na watoto. Picha zote za meli hufanana. Bahari ni ya buluu, mtoto anateleza kwenye bomba la maji, baba na mama wanacheka. Huwezi kulinganisha meli kwa picha. Uliza chumba cha watoto kinapokea wa umri gani, kwa maana meli moja itamchukua wa miaka miwili na nyingine haimtaki mpaka atimize mitatu na awe ameacha nepi. Uliza nani anasimama kando ya bwawa la kuogelea. Meli nyingine zina mwokoaji, nyingine zina ubao tu unaosema wazazi wajihadhari. Uliza chakula cha jioni kinaanza saa ngapi, kwa sababu mtoto aliyezoea kula saa kumi na mbili na nusu hawezi kungojea saa tatu eti kuna wanamuziki. Kama watoto wanatapika, watafutie chumba cha katikati ya meli, tena cha chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Wape orodha ya vyeti vya kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, barua yake ya ruhusa. Wakumbushe mara mbili. Kuna familia ya Mwea iliyosahau cheti cha mtoto lakini ikakumbuka kubeba kilo nne za mchele wa pishori, ati mtoto hali wali mwingine. Mchele ulichukuliwa, na nusura mtoto naye arudishwe.

Mteja wa kwanza aliyenilazimisha kuuliza vizuri alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, Mzee Abdi. Alitaka kuwapeleka wajukuu wake. Nilimwonyesha picha za meli tatu. Hakuzitazama.

"Kijana," akasema, nami nilikuwa na mvi tayari, "sufuria ya nguruwe na sufuria ya mbuzi kwa hiyo jikoni, ni moja ama ni mbili?"

"Nitauliza, Mzee."

"Uliza kwa barua. Nataka wajibu kwa barua."

Niliuliza, wakajibu, na akachagua kwa jibu la sufuria peke yake. Nilisimulia jambo hilo kwa miaka nikicheka. Kumbe nilikuwa nimefundishwa kazi upya na sikushika. Nilimuulizia Mzee Abdi kwa sababu alinibana. Wasionibana sikuwaulizia kitu.

Ndivyo ilivyokuwa familia ya Nyambura ilipokuja.

Walitoka Othaya. Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi. Mama, Wairimu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa na Nyambura, msichana wa miaka tisa, na Kariuki wa miaka minne, ambaye kabla sijamaliza salamu alikuwa chini ya meza yangu akivuta nyaya za kompyuta. Walitaka siku nne baharini, kutoka Durban kwenda visiwa vya Msumbiji na kurudi. Wairimu alikuwa ameiwaza safari hiyo tangu kabla hajaolewa.

Nyambura aliketi kwenye kiti karibu na kalenda ya ukutani, mikono mapajani, akitutazama nyuso zetu kwa zamu. Nilimpa peremende. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Huyu mtoto ana adabu," nikasema. "Si kama huyu wa chini ya meza."

"Asante," baba akajibu.

Wairimu akaangalia mkoba wake.

"Nyambura, uko darasa la ngapi?" nikauliza.

"Yuko gredi ya tatu," baba akasema haraka.

Nikaendelea na kazi. Zilikuwepo meli mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye mabomba ya maji na sinema. Ya pili ilikuwa ndogo, ya polepole, nasi ofisini tuliiita meli ya wazee. Kampuni ya ile ndogo ilikuwa imenitumia barua ya kurasa nyingi kueleza huduma zao, na nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza. Nikawaambia wenye watoto huenda na ile kubwa. Kwenye fomu palikuwa na swali kama kuna msafiri mwenye mahitaji maalumu. Niliweka alama ya hapana bila kuinua macho. Baba Nyambura alikuwa akitazama kalamu yangu.

Wiki moja baada ya safari, Wairimu alikuja peke yake. Nilimkaribisha kwa furaha, nikamuuliza kama Kariuki aliteleza kwenye mabomba.

"Alikataliwa. Ni mfupi," akasema. Kisha akasema, "Bwana Wahome, Nyambura hasikii. Alizaliwa hivyo."

Nilimtazama. Hakuwa amekuja kunipigia kelele. Alieleza taratibu, kama mwalimu anayetaka darasa lote lielewe.

Siku ya tatu, saa saba mchana, jua lilimchosha Nyambura. Mama alimpeleka chumbani alale, akampa ishara kwamba anaenda kumletea chakula, akapanda juu. Baba alikuwa sitahani na Kariuki. Wairimu alikuwa amepanga foleni na sahani kengele ya hatari ilipolia. Moshi ulikuwa umeonekana kwenye chumba cha kufulia nguo. Watu wakaamriwa kuvaa majaketi ya kuokolea maisha na kwenda mahali pa kukusanyika. Ngazi za kushuka zilikuwa zimezuiwa.

"Niliwaambia mtoto yuko chini," Wairimu akasema. "Wakaniambia kuna watu wanakagua kila chumba. Nikangoja. Wakatuhesabu. Tulikuwa watatu. Nikasema mmoja bado. Wakaangalia kwa karatasi, wakaniambia chumba chenu kimekaguliwa, hakuna mtu."

Mhudumu alikuwa amegonga mlango, akaita, akafungua. Kitanda kilikuwa kitupu, bafu tupu. Akaita tena, hakuitikiwa. Akafunga mlango na kuuwekea alama.

"Kama hayuko chumbani, na hayuko na sisi, yuko wapi?" Wairimu akaniuliza, kana kwamba ningeweza kujibu. "Hiyo ni meli. Pande zote ni maji."

Nilimmiminia maji.

"Baba Nyambura aliwasukuma wale watu akashuka. Nilimsikia. Watu wote walimsikia. Alikuwa anamwita, 'Nyambura! Nyambura!' Alizunguka huko chini akimwita mpaka sauti ikakauka. Miaka tisa, Bwana Wahome. Miaka tisa tumeishi na yeye, na bado anamwita."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akayafuta kwa kiganja akaendelea. Alimshika afisa mmoja wa meli mkono akamwambia mtoto hasikii. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo mbele ya watu wageni. Afisa akabadilika uso. Wakarudi chumbani, safari hii hawakuita, walipekua. Nyuma ya pazia zito, Nyambura alikuwa ameketi sakafuni, paji la uso limegusa kioo cha dirisha. Alipoona pazia linafunuliwa aligeuka akatabasamu, akawaonyesha baharini kwa kidole. Kulikuwa na pomboo.

Ilikuwa imepita karibu saa nzima. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, ulizimwa mapema, na jioni wanamuziki wakapiga kama kawaida.

"Bwana yangu hakuongea mpaka tukafika nyumbani," akasema. Kisha akakitazama kile kiti karibu na kalenda. "Ulimwona. Alikaa hapo. Ulimpa peremende."

"Nilimwona."

"Na hukujua?"

"Sikujua. Nilisema ana adabu."

Nikaanza kuongea mambo ya bima, barua ya malalamiko, jinsi kampuni ingeweza kuwajibika. Niliyaongea kwa sababu ndiyo niliyoyajua. Aliinua mkono.

"Sikuja kwa hayo. Na sitakuwekelea yote. Sisi pia tulinyamaza. Yeye aliogopa watu watamwangalia mtoto vibaya, na mimi nikamwachia. Nimekuja tu ujue."

Akashuka ngazi akaenda kutafuta gari la Othaya.

Jumamosi hiyo nilienda kwa Madam Muthoni, aliyekuwa akiishi Karatina na mwanawe. Alikuwa amezeeka, lakini sweta ni ile ile. Nilimweleza kila kitu. Nilitarajia anikaripie, na nadhani nilitaka anikaripie.

"Ulimuuliza huyo mtoto?" akasema.

"Nilimuuliza, Madam. Baba yake akajibu."

"Basi hukumuuliza."

Akaniletea chai.

Nilitoa daftari kabatini. Kisha nikaandika barua moja, nikaituma kwa kampuni tano za meli. Niliandika kwamba kuna mtoto wa miaka tisa asiyesikia. Nikauliza kengele ya hatari ikilia atajuaje, na mhudumu akikuta mlango umefungwa atafanyaje. Nawaambieni majibu yao ili mjue jinsi ya kulinganisha meli. Kampuni moja haikujibu kamwe. Ya pili ilinitumia picha zile zile za mabomba. Ya tatu ikasema vyumba vyao vyote ni salama kwa wageni wote. Ya nne ikadai cheti cha daktari, bila kusema watakifanyia nini. Ya tano haikujibu maswali kwanza. Iliniuliza yake. Mtoto anatumia lugha ya ishara ya nchi gani? Anasoma midomo? Anaweza kusoma maandishi? Hulala na nani? Baadaye wakaeleza kwamba wana kifaa kinachowekwa chini ya mto, kengele ikilia kinatikisa kitanda, na taa inayowaka na kuzima chumbani; na kwamba jina la mtoto kama huyo huwekwa kwenye orodha ya mhudumu, ili aingie mpaka ndani amguse.

Hiyo ya tano ilikuwa kampuni ya meli ya wazee. Nilipofungua ile barua yao ya zamani, mambo hayo yote yalikuwa ukurasa wa nne.

Tangu siku hiyo sikuuza safari ya meli bila kuketi na kila anayesafiri. Iliwachosha watu. Bwana mmoja wa Nanyuki aliniuliza, "Wewe unauza tiketi ama wewe ni polisi?" Wengine walihamia ofisi zingine. Nilizungumza na watoto kwanza, wazazi baadaye, na mzazi akijibu kwa niaba ya mtoto nilingoja, kisha nikauliza tena. Mtashangaa ni mangapi hutokea. Kuna mvulana aliyeniambia kwa kunong'ona kwamba bado hukojoa kitandani, na kwamba hataki kwenda meli kwa sababu hiyo. Wazazi walidhani anaogopa maji.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja mlango ukafunguka, akaingia Baba Nyambura. Nyuma yake Wairimu, na Nyambura, amerefuka, ana miaka kumi na mmoja. Kariuki alikuwa shuleni, na nyaya zangu zikapumua.

Nilisimama. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba baba huyo msamaha kwa miezi mingi, lakini hakuningoja. Alinishika mkono akaukazia.

"Tunataka kwenda tena," akasema. "Yeye ndiye anataka."

Alipoketi, alimgeukia binti yake akaanza kuongea naye kwa mikono. Ile mikono mikubwa ilienda polepole, ikikosea, ikirudia. Nyambura alimngoja. Wairimu akasogeza kiti karibu nami, akawa ananitafsiria kwa sauti ya chini bila mimi kuomba.

Nilitandaza mezani makaratasi ya meli zote mbili. Nyambura hakusita. Aliweka kidole kwenye ile kubwa.

"Anasema anataka hiyo," Wairimu akanong'ona. "Anasema ndiyo iko na pomboo."

Nilimtazama. "Hajui?"

"Hatukumwambia. Alidhani wale watu walikuja kumletea chakula."

Baba alitikisa kichwa, akaisukuma kando ile karatasi. Nyambura akairudisha. Akauliza kwa nini, na hilo hata mimi nililielewa kwa uso wake. Baba alivuta pumzi. Halafu akamwambia, pale ofisini kwangu, jambo ambalo familia ile ilikuwa imelificha kwa miaka miwili.

"Siku ile, moshi," Wairimu akatafsiri. "Mimi sikukuona. Nilidhani umeingia majini."

Nyambura akakunja uso. Mikono yake ilikuwa myepesi, ya haraka. "Nilikuwa chumbani."

"Sikujua. Nilikimbia. Niliku..." Baba akakwama. Hakuwa na ishara ya neno lililofuata. Akafungua mdomo wazi, akaweka viganja pembeni, kama mtu anayepiga kelele kuvuka bonde.

Nyambura akainua mikono. "Ulikuwa unajua sisikii."

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini?"

Baba akaitazama mikono yake. Ilipoanza kwenda, Wairimu aliifuata kwa macho mpaka mwisho ndipo akatafsiri.

"Anasema, 'Wakati huo sikuwa na mikono.'"

Kisha Nyambura akaondoka kwenye kiti chake akaenda mbele ya baba yake. Akamshika mkono wa kulia, akamkunja vidole, akamsogeza kiganja, akamwonyesha ishara ya kuita. Baba akajaribu. Nyambura akatikisa kichwa, akamrekebisha kidole gumba. Baba akarudia, na tena, mpaka binti akaridhika. Ndipo alipogeuka mwenyewe, akachukua karatasi ya meli ndogo, akaiweka mbele yangu.

Nilifungua daftari kwenye ukurasa mpya, nikaandika jina lake juu. Tulikaa karibu saa mbili. Niliuliza nikimtazama yeye, si mama yake, na nilingoja mikono yake imalize ndipo nisikilize tafsiri. Alisema anapenda samaki, hapendi maharagwe. Alisema ngazi hazimsumbui. Nikamuuliza kama kuna kitu anachokiogopa.

Alifikiri, kisha akajibu mara moja tu.

"Anaogopa giza," Wairimu akasema. "Anasema taa ikizimwa haoni mikono, kwa hivyo hakuna mtu anaweza kuongea na yeye mpaka asubuhi."

Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya mara mbili ya umri wake. Hapakuwa na swali hilo kwenye fomu yoyote, ya kampuni yoyote. Safari hii niliweka alama ya ndiyo kwenye swali la mahitaji maalumu, nikaandika pembeni ya fomu maneno yake kama alivyoyasema, nikaituma. Walipopanda meli kule Durban, walikuta taa ndogo imewekwa kando ya kitanda chake, tayari imewashwa.